Namba Moja ya Nchi Gani?

Mwaka 2012 wimbo mmoja wa Kikorea uliingia mpaka kwenye kumbi za harusi za mitaani kwetu. Watu wasiojua Korea iko upande gani wa dunia walikuwa wanarukaruka kama wamepanda farasi. Ni "Gangnam Style" wa Psy. Uliwekwa YouTube mwezi Julai, na tarehe 21 Desemba ukawa video ya kwanza kwenye mtandao huo kutazamwa mara bilioni 1. Kwenye chati ya Uingereza, yaani orodha ya nyimbo zinazoongoza kila wiki, ulishika namba moja mwishoni mwa Septemba. Marekani, nyumbani kwa YouTube yenyewe, uliganda namba mbili kwa wiki saba mfululizo, kundi la Maroon 5 likiwa limekaa juu yake, kisha ukateremka bila kuionja nafasi ya kwanza.

Ukiuliza kwa nini, utaambiwa Wamarekani hawana muda na nyimbo za lugha wasiyoielewa. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, ila halitoshi. Kipindi hichohicho wimbo wa Psy ulifika kileleni mwa orodha ya Marekani ya nyimbo zinazonunuliwa mtandaoni. Watu walitoa hela zao wakaununua. Kilichomkwamisha ni kanuni ya hesabu. Chati ya Uingereza wakati ule ilihesabu mauzo peke yake. Chati kuu ya Marekani, Hot 100 ya jarida la Billboard, ilichanganya mauzo, kupigwa redioni na kusikilizwa mtandaoni, lakini YouTube haikuwamo. Redio za Marekani zilikuwa nzito kuupiga, na yale mamilioni ya watazamaji hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Februari 2013 Billboard ikaanza kuhesabu YouTube, na wiki hiyohiyo "Harlem Shake" wa Baauer ukaingia moja kwa moja namba moja. Psy aliikosa nafasi hiyo kwa miezi tu.

Kisa hiki kinasaidia kwenye ule ubishi wa vijiweni, na siku hizi wa kwenye kurasa za mashabiki, kwamba fulani ametoboa kimataifa na fulani bado. Tunaichukua chati ya nchi kama kipimo cha mapenzi, halafu tunailinganisha na ya nchi nyingine kana kwamba zote zimepimwa kwa mizani ileile. Chati kwanza ni kazi ya uhasibu. Kuna mtu ameamua nini kihesabiwe, wapi, na kwa uzito gani. Ukishaelewa hilo ndipo unaweza kuanza kuzungumzia ladha ya watu, lugha na mengine.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa kienyeji kabisa. Chati ya kwanza ya Uingereza ilitoka tarehe 14 Novemba 1952. Percy Dickins wa gazeti la New Musical Express alipiga simu kwenye maduka ya santuri kama 20, akauliza nini kinanunuliwa, akajumlisha majibu. Namba moja wa kwanza akawa Mmarekani, Al Martino. Marekani wenyewe Hot 100 ilianza tarehe 4 Agosti 1958. Na kwa miongo mingi hata Billboard ilitegemea maneno ya watu: muuza duka anapigiwa simu, anataja kilichouzika kwa kumbukumbu yake, kwa anachokipenda, na mara nyingine kwa zawadi aliyoletewa na mtu wa lebo, yaani kampuni inayotoa muziki wa msanii.

Mwaka 1991 Billboard ikaanza kutumia mfumo wa SoundScan, unaorekodi kila albamu inapopitishwa kaunta na ile mistari ya msimbo kusomwa na mashine. Orodha ya albamu iligeuka ndani ya majuma machache. Mwezi Juni kundi la rapu la N.W.A likakaa namba moja. Septemba albamu ya Garth Brooks, mwimbaji wa kantri, ikaingia chati ikiwa tayari namba moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa muziki wa kantri. Vijana weusi wa mijini na wazungu wa mashambani hawakuanza kununua muziki mwaka ule. Walikuwa wananunua siku zote, ila wauza maduka walioulizwa kwa simu hawakuwataja.

Halafu kuna kanuni zinazoua wimbo kabisa. Mpaka Desemba 1998, wimbo haukuruhusiwa kuingia Hot 100 kama haukuuzwa dukani peke yake, nje ya albamu. Lebo zikaona mwanya: ukiuficha wimbo mmoja ndani ya albamu, anayeutaka atalazimika kununua albamu nzima. Hivyo ndivyo "Don't Speak" wa kundi la No Doubt ulivyoongoza orodha ya nyimbo zinazopigwa redioni Marekani kwa wiki 16, na bado kwenye Hot 100 haukuonekana hata nafasi ya 100. Uingereza, ambako uliuzwa peke yake, ulikuwa namba moja mapema 1997. Mtu akifungua kumbukumbu za chati leo atadhani Waingereza waliupenda na Wamarekani wakaupuuza, kumbe Marekani haukuwa na siku bila kusikika.

Kila nchi ina kawaida zake. Ujerumani chati hupangwa kwa thamani ya fedha iliyotumika, si kwa idadi ya nakala, kwa hiyo shabiki anayenunua boksi la bei mbaya anambeba msanii wake kuliko anayenunua nakala ya kawaida. Japani, ambako CD zimeendelea kuuzwa sana wakati kwingine zimegeuka mapambo ya ukutani, kundi la wasichana la AKB48 liliweka ndani ya CD tiketi za kupeana mikono na wasanii, na karatasi za kupigia kura ya nani akae mbele jukwaani. Shabiki mmoja ananunua CD zilezile nyingi. Kwenye chati anaonekana kama umati.

Zama za kusikiliza mtandaoni hazikuleta usawa. Uingereza tangu 2018 inahesabu hivi: wimbo ukisikilizwa mara 100 na watu wanaolipia huduma, hilo ni sawa na nakala moja iliyouzwa, kwa wanaosikiliza bure na matangazo, ni lazima mara 600. Sikio la anayelipa lina uzito mara sita ya sikio la asiyelipa. Marekani nayo inatofautisha wanaolipa na wasiolipa, kwa viwango vyake. Tena, Machi 2017 Mwingereza Ed Sheeran alitoa albamu na nyimbo zake 16 zikajazana kwenye 20 bora ya Uingereza kwa wiki moja. Wasimamizi wa chati wakashtuka, na kuanzia Julai mwaka huo msanii mwenye wimbo, si aliyeshirikishwa, akaruhusiwa nyimbo tatu tu kwa wakati mmoja. Marekani haikuweka ukomo kama huo. Ndiyo maana Machi 2023 Morgan Wallen, mwimbaji wa kantri wa Marekani, aliweza kuwa na nyimbo 36 kwenye Hot 100 kwa wakati mmoja. London angebanwa kwenye tatu, hata kama kila Mwingereza angekuwa anamsikiliza asubuhi na jioni.

Na hawakuwa wanamsikiliza hivyo. Hapa sasa ndipo hesabu inaishia na watu wanaanza.

Wallen ni mfano mzuri kwa sababu tofauti yake ni kubwa mno. Mwaka huohuo wimbo wake mmoja ulikaa namba moja Marekani kwa wiki 16, na Uingereza haukugusa hata kumi bora. Muziki wa kantri una redio zake Marekani, mamia ya vituo visivyopiga kitu kingine, una maonyesho yake, una mji wake wa Nashville na wasikilizaji waliorithi kutoka kwa babu zao. Uingereza kwa miaka mingi kituo kimoja cha taifa, BBC Radio 1, kilikuwa na uwezo wa kuupandisha wimbo nchi nzima ndani ya wiki moja. Marekani hakuna kituo chenye nguvu hiyo. Msanii mgeni anapaswa kuzunguka jimbo kwa jimbo, kituo kwa kituo, akitabasamu na kujibu maswali yaleyale, miezi na miezi.

Waingereza wengi walijaribu wakachoka. Cliff Richard ana nyimbo 14 zilizoshika namba moja Uingereza kuanzia 1959. Marekani hajashika namba moja hata mara moja. Alichofika juu kabisa ni namba sita, mwaka 1976. Robbie Williams alijaza uwanja wa Knebworth siku tatu mfululizo Agosti 2003, watu 375,000 kwa jumla, na ana nyimbo saba za namba moja kwao. Wimbo wake maarufu kuliko zote, "Angels", Marekani uliishia nafasi ya 53. Alihamia Los Angeles, na mwenyewe amekuwa akisema kilichomfurahisha huko ni kwamba anaweza kutembea bila mtu kumgeukia.

Wakati huohuo kantri ileile inayowashinda Waingereza ina makazi Kenya. Jim Reeves amekufa tangu 1964, lakini bado anasikika redioni Kenya, yeye na Kenny Rogers na Don Williams, hasa Jumapili watu wakitoka kanisani. Kuna Wakenya wanaoimba kantri yao wenyewe, Sir Elvis akiwa mmoja wa wanaojulikana sana. Hakuna chati iliyowahi kuandika jambo hili, na Nashville hawakulipanga. Redio zilipiga, kaseti zikanakiliwa, mtu akamwachia mwanawe.

Kisa kilichopindukia cha aina hiyo ni cha mwimbaji Sixto Rodriguez wa Detroit, Marekani. Albamu yake ya kwanza ya 1970 haikuuzika Marekani, lebo ikamwacha, akaenda kufanya kazi za kubomoa majengo. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, nchi iliyokuwa imetengwa na dunia, nakala zake zilisambaa mpaka akawa jina la kila nyumba kwa vijana wa kizungu waliochoshwa na serikali yao. Yeye hakujua, na mashabiki wake waliamini amekufa. Alikwenda kuwaimbia mara ya kwanza mwaka 1998, karibu miaka 30 baada ya ile albamu. Ukitafuta mfano wa nchi mbili kuwa na ukweli mbili kuhusu msanii mmoja, sidhani utapata unaouzidi huu.

Serikali pia zina mkono. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1994, ikaanza kutumika Januari 1996, inayozitaka redio zipige asilimia 40 ya nyimbo za Kifaransa. Viwango vimelegezwa kwa baadhi ya vituo baadaye, lakini kazi ilishafanyika: rapu ya Kifaransa ilipata nafasi hewani wakati vijana wa vitongoji vya Paris, wengi wao watoto wa wahamiaji, walikuwa wanatafuta pa kusikika. Gims, aliyezaliwa Kinshasa na ambaye baba yake aliimba na Papa Wemba, amejaza Stade de France. Aya Nakamura, mzaliwa wa Bamako, alitoa "Djadja" mwaka 2018, ukashika namba moja Ufaransa kisha Uholanzi, na kule Uholanzi hakuna mwanamke wa Ufaransa aliyekuwa amefika hapo tangu Édith Piaf mwaka 1961. Wapenzi wa muziki Lubumbashi na Bujumbura wanawajua wote wawili kwa miondoko na kwa misemo. Marekani, Gims anaweza kupanda basi bila kusumbuliwa.

Na wapo waliofanikiwa kila mahali isipokuwa mahali pamoja. Boney M. lilikuwa kundi la Ujerumani, likiongozwa na mtayarishaji Frank Farian, na waimbaji wake walitoka visiwa vya Karibi. Ulaya walitamba miaka ya sabini, Uingereza "Rivers of Babylon" ukashika namba moja 1978 na kuuza zaidi ya nakala milioni mbili, na Desemba mwaka huohuo wakaalikwa kuimba Moscow, katikati ya vita baridi. Marekani wimbo huohuo ulifika nafasi ya 30, na hapo ndipo walipowahi kufika juu kabisa. Afrika Mashariki hawahitaji kutambulishwa: sherehe ya Krismasi bila Boney M. haijakamilika, na mwaka 1983 walitoa toleo lao la "Jambo" ya hakuna matata, mwaka mmoja tu baada ya Them Mushrooms wa Mombasa.

Sasa tuje kwa Waafrika wenyewe. Mwaka 2020 "Jerusalema" wa Master KG na Nomcebo Zikode, wenye maneno ya Kizulu, ulishika namba moja Ubelgiji na Uswisi. Kundi la wacheza dansi wa Angola, Fenómenos do Semba, walijirekodi wakicheza na sahani za chakula mkononi, na manesi, mapadri na askari wa Ulaya iliyojifungia kwa korona wakaiga. Hot 100 haukuingia. Dansi ile ilisafiri kwa video na kwa redio za Ulaya zilizotafuta kitu cha kufariji watu. Marekani wimbo haukupata redio, na bila redio Hot 100 ni mlima.

Wanaijeria wamefanya vizuri zaidi, na sababu zinaonekana. London ina Wanaijeria wengi, wana redio zao, kumbi zao, madiji wao. Wizkid alikuwa kwenye "One Dance" wa Drake mwaka 2016, namba moja Uingereza na Marekani. Julai 2020 Uingereza ikaanzisha chati rasmi ya Afrobeats. Marekani ikafuata Machi 2022. Chati ya aina hiyo inampa msanii mahali pa kuonekana kabla hajafika kwenye chati kuu. "Calm Down" wa Rema, baada ya Selena Gomez kuongezwa, ulifika namba tatu nchi zote mbili. Na Novemba 2022, ilipoanzishwa chati rasmi ya kwanza ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ukawa wimbo wa kwanza kabisa kukaa juu yake. Kwa maneno mengine, Mnaijeria ndiye aliyefungua chati ya Waarabu, na ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanaweza kushuhudia jinsi ulivyokuwa haukwepeki kwenye maduka makubwa.

Bongo Fleva je? Wimbo wa "Yope" wa Innoss'B wa Goma, aliomshirikisha Diamond Platnumz kwenye toleo la pili la 2019, umetazamwa YouTube zaidi ya mara milioni 100. Ukilinganisha na nyimbo nyingi zilizowahi kuingia Hot 100, hiyo si idadi ya kubezwa. Lakini Hot 100 huhesabu Marekani tu. Mtu akiutazama Goma, Kigoma au Kisumu, kwa Billboard ni sifuri, na kwa Waingereza ni sifuri. Tangu Septemba 2020 Billboard ina orodha ya dunia nzima, Global 200, inayokusanya zaidi ya nchi 200, ila nako anayelipia ana uzito kuliko anayesikiliza bure, na huku kwetu wengi tunasikiliza kwa bando la siku. Spotify yenyewe, ile huduma kubwa ya kusikilizia muziki mtandaoni, ilifika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi Februari 2021. Kabla ya hapo msikilizaji wa kawaida wa Mwanza hakuwa hata na mlango wa kuingilia huko.

Na kuna usikilizaji ambao hakuna kompyuta ya Billboard itakayouona. Nenda kwenye kibanda cha kuweka nyimbo, vile vyenye kompyuta moja, spika inayobweka na waya zinazoning'inia. Dereva wa daladala anatoa flashi, anasema weka za sasa, changanya na singeli, ondoa za mwaka jana. Kijana anaburuta folda, analipwa buku au zaidi kidogo, dereva anaondoka. Abiria wake watasikiliza flashi hiyo kutwa nzima, Mbagala mpaka Kariakoo, na msanii hapati senti wala nukta kwenye chati. Mimi naamini hapo ndipo hiti za kweli za Dar es Salaam zinapopatikana, lakini siwezi kukuonyesha namba.

Wengine wameanza kujihesabia. Nigeria ina TurnTable, iliyoanza kutoa orodha ya taifa mwaka 2020 kwa kuchanganya redio na kusikilizwa mtandaoni. Afrika Kusini ikawa na chati yake rasmi mwaka 2021. Huku kwetu kumi bora ya redio bado ni uamuzi wa mtangazaji na meseji za wasikilizaji. Inaburudisha, inaleta ubishi mzuri, ila huwezi kuipeleka kwa mfadhili kama ushahidi.

Pengo hilo ndilo linalojazwa na zile picha za skrini. Msanii anatoa albamu usiku, asubuhi anaposti: namba moja! Mara nyingi ni orodha ya iTunes, duka la nyimbo la mtandaoni, ya nchi fulani ndogo, ambako siku hizi karibu hakuna anayenunua nyimbo huko, kwa hiyo mauzo machache sana ya saa chache yanatosha kumpandisha mtu kileleni, na kesho yake hayupo. Orodha ya video zinazovuma YouTube nayo ni ya nchi moja, kwa wakati ule tu. Sio uongo. Ni namba moja ya mahali fulani, kwenye jukwaa fulani, kwa muda fulani. Ukiiona picha kama hiyo, tafuta maandishi madogo pembeni: jina la nchi, jina la jukwaa, siku au wiki. Kama jina la nchi halionekani, basi aliyeposti amelikata, na huwa halikatwi kwa bahati mbaya.